Deuxième Bureau ya Kalembe

Kitendawili! Itika basi, usiniache naongea peke yangu sawa mugonjwa wa homa. Kuko nyumba moja. Haina jiwe, haina bati, mvua ikinyesha haisikii, na mwenye kuijenga hachafuki hata kidole. Lakini ile nyumba inaweza kutoa bibi kwa bwana yake, na inaweza kulaza bwana kwenye bariyeri, tumbo ndani ya matope. Iko nini?

Umeshindwa. Nipe muji. Usinipe Goma, kule kuko kelele mingi. Usinipe Butembo, kule wafanyabiashara watanilomba nilipe mbele ya kuingia. Nipe Mushaki. Nipe Mushaki ya mwaka ule wa elfu mbili na kumi na mbili, vita ilipokuwa imerudi tena. Vita ilikuwa inajua njia, haikuuliza muntu.

Pale Mushaki, pembeni ya barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi, kulikuwa butiki ya Kavugho. Kavugho alikuwa mutoto wa Butembo, mukatoliki wa misa ya asubuhi, muuzaji wa sabuni, chumvi, mafuta na betri. Watu walimuita Mama Aimée, juu ya musichana wake mudogo, na wenye kuja kununua walimuita Mama Sabuni. Bwana yake alikuwa Damascène, mutoto wa milima ya Nyamitaba, mwenye alisoma mambo ya ujenzi kule Goma. Alikuwa anachora plani za nyumba kwenye mashini, kompyuta yake ya kukunja: nyumba za masomo, makanisa, vyoo vya dispansari, nyumba za watajiri wenye hawakujua kama watalala ndani. Juu ya bati la butiki kulikuwa plake ya jua, basi Damascène alikaa nyuma ya mifuko ya chumvi, fasi kamba ya umeme inafika, akachora.

Na ile programe yake ya kuchora ilikuwa na tabia ya umbeya. Ukiifungua tu, inakuonyesha majina ya kazi zenye ulifanya: ya jana juu, ya juzi chini, ya wiki iliyopita chini zaidi. Kila jioni, mbele ya kufunga mashini, Damascène alikuwa anaifunga mudomo. Anabonyeza hapa, anabonyeza pale, majina yote yanaisha. Listi inabaki nyeupe sawa sahani ya mwenye njaa.

Kavugho alikuwa anaona.

“Papa Aimée, uko nafuta nini kila siku?”

“Vumbi.”

“Vumbi iko ndani ya mashini?”

“Kwetu Masisi vumbi inaingiaka kila fasi.”

Kweli yenyewe, ngoja nikuambie, maana Kavugho hakuambiwa. Rafiki ya Damascène, Jacques, naye muchoraji, alifungwa kwenye bariyeri moja, kizuizi cha barabarani, juu ya plani ya dispansari. Wenye bunduki waliona milango na mishale ya vipimo, wakasema: huyu anaonyesha watu njia ya kushambulia. Walimupiga mpaka mukono wake wa kuchora haukunyooka tena. Tangu siku ile Damascène hakupita njia na listi yenye majina. Kazi zenyewe alizificha ndani kabisa ya mashini, kwenye kibweta alichoandika “Nyimbo za Korali”. Na bibi yake hakumuambia kitu, kwa sababu alifikiri hivi: mwenye hajui, hata akipigwa, hana cha kusema. Ilikuwa mapendo ile. Lakini mapendo yenye kunyamaza inafanana sana na wizi.

Na katika nyumba ile kulikuwa mudomo mwingine. Nyirabagenzi, mama ya Damascène, alishuka kutoka Nyamitaba wakati bunduki zilifika kule, akakuja na mukeka na bakuli la mbao la kuwekea maziwa. Alikaa mulangoni mwa butiki, akiangalia muka-mwana wake akipima mafuta.

“Uko nakunja uso juu ya tone moja,” alimuambia. “Vestine alikuwa anamwanga maziwa bila kuangalia chini.”

“Mama, maziwa inatoka kwa ng'ombe. Mafuta inatoka kwa grosisti, ninalipa.”

“Nasema tu. Vestine hakuwaka anauliza mwanaume uko nafuta nini.”

Vestine! Ile jina ilikuwa kama jiwe kidogo ndani ya kiatu cha Kavugho. Vestine alikuwa binti wa wafugaji wa Nyamitaba. Familia mbili zilikuwa zimekwisha kunywa pombe ya posa, kisha mambo yakafa, na Damascène akaoa muuza sabuni. Kavugho alikuwa na namna yake ya kuhadisia ile habari, na wanunuzi wote waliijua: “Miye? Waliacha binti mwenye ng'ombe juu yangu. Bwana alikuwa anakuja kununua sabuni mara mbili kwa siku. Uliona wapi mwanaume anafua mara mbili kwa siku?” Halafu anacheka, anafunga mufuko wako wa chumvi, na wewe unasahau kuangalia kama amejaza vizuri.

Lakini ile habari hakuipata hata siku moja kutoka kwa mudomo wa Damascène. Ile jioni ya mambo ya vumbi, alipokuwa anamupelekea sahani ya sombe, akauliza.

“Nikuulize kitu. Vestine, weye njo ulimuacha, ao yeye njo alikuacha?”

Damascène aliangalia mulango. “Mvua inakuja. Niende nifunike makala ya kupikia.”

Hakukuwa hata wingu moja kutoka Mushaki mpaka Rutshuru.

*

Ngambo ya barabara kulikuwa kijumba cha mbao cha Mamie, musichana wa sekretaria, mwenye kuandikia watu barua na kutoa fotokopi wakati umeme wa jenereta unakubali. Kavugho alimupelekea kipande cha sabuni, akakaa kwenye banki la mbao la kukalia wanunuzi kana kwamba amechoka.

“Mamie, mutoto wangu. Muntu akifuta majina mu mashini, yanaenda wapi?”

“Majina ya nini, Mama?”

“Ya kazi. Ile listi inatokea ukifungua.”

Mamie akacheka. “Ah, fishie za karibuni! Hayaendi popote, Mama. Ni kama ukitoa kibao cha butiki yako. Watu hawaoni tena jina, lakini sabuni iko ndani.”

“Kwa hiyo kitu iko.”

“Iko kabisa.”

“Na mwenye kutoa kibao, anaogopa nini?”

“Ile, Mama, haiko mambo ya mashini.” Mamie aliangalia ile sabuni, akaangalia mama, akashusha sauti. “Lakini kuko kitu. Pembeni ya kila jina kuko alama ndogo ya punezi, sawa ile ya kufungia karatasi ukutani. Ukiibonyeza, ile jina inafungika. Hata akifuta zingine zote, hiyo inabaki. Inamungoja pale pale.”

Kavugho akarudi nyumbani akisema lile neno polepole. Punezi.

*

Siku ya tatu Damascène alisema kesho anaenda Mweso kupima nyumba ya masomo. Alisema akiangalia kamba za viatu. Nyirabagenzi alikuwa analala mchana, Aimée anacheza na magunia. Njiani ikalia pikipiki ya Merdi, motari mwenye alikuwa anapita bariyeri zote kwa kusalimia tu. Damascène akatoka kupatana naye saa ya safari, akaacha mashini wazi nyuma ya chumvi.

Kavugho aliona kupitia dirisha namna bwana yake ananyoosha mukono. Mukono haukuishia upande wa Mweso. Aliupeleka mbele, kupita Mweso, ule upande wa milima ya mwisho, fasi Masisi inaishia na Walikale inaanza.

Akasogea mashini. Kidole chake kilikuwa na mafuta, akakifuta kwenye kikwembe. Majina yalikuwa matatu. La kwanza kanisa, la pili choo. Na la juu kabisa, lenye alikuwa anachora sasa hivi:

VESTINE – DEUXIEME BUREAU – KALEMBE.

Ee, musomaji wangu. Wewe na miye tunajua deuxième bureau ni nini huku kwetu. Ni ofisi ya pili, ile fasi bwana anasemaka anaenda kazini, na kazi yenyewe iko na nywele za kusuka. Mwanamuke wa pembeni, mwenye kupangishiwa nyumba, hatumuitaka jina ingine. Na huyu, mwanaume wa kusoma, aliandika wazi, kwa herufi kubwa, akaweka na jina la mwanamuke, akaweka na muji!

Kavugho akabonyeza. Nyumba ikatokea, mistari mieupe juu ya weusi. Alikuwa ameangalia kazi za bwana yake mara mingi, alijua kusoma mulango na dirisha. Chumba ya kwanza, meza. Chumba ya pili, meza na makabati. Chumba ya tatu, ndogo, nyuma, na mulango wake peke yake, na ndani yake kitanda. Kimechorwa vizuri, na muto wake.

“Bureau gani iko na kitanda?” Alisema kwa sauti, na Aimée akageuka.

Usifikiri wivu ni moto. Moto unapata fasi unaisha. Wivu wa Kavugho ulikuwa kama maji ya baridi, ulipanda kutoka magoti. Aliona Vestine anafungua ule mulango wa nyuma. Aliona Vestine anaweka shuka. Alijiona yeye mwenyewe Mushaki, ananusa mafuta ya mawese, anafungua butiki na anafunga butiki. Na akasikia namna wanunuzi wataihadisia: waliacha muuza sabuni juu ya binti mwenye ng'ombe.

Akarudi kwenye listi. Akaona alama ndogo pembeni ya jina. Akaibonyeza. Punezi ikasimama, imeingia.

Alikuwa amepanga hivi: kesho asubuhi bwana akifungua mashini kuangalia vipimo, majina mengine yatakuwa yameisha, na hili litakuwa pale peke yake. Ndipo atamuuliza mbele ya mama yake mukwe: tafazali, unisomee.

Damascène aliingia anapiga mluzi. Akakaa, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kwa mazoea, sawa vile wewe unafunga mulango bila kuuangalia, na Aimée alikuwa amekwisha kupanda mugongoni mwake. Akakunja mashini.

“Umefuta vumbi?” Kavugho aliuliza.

“Nimefuta.”

“Yote?”

“Mama Aimée, uko na nini leo?”

“Miye? Niko na butiki.”

*

Asubuhi, Kavugho alipotoka misa, alikuta Merdi amekuja mapema na bwana ameondoka, na mashini pia. Alipika buyi, uji wa Aimée, akauacha uungue. Alimuuzia muntu chumvi akampa majani ya chai.

Jua halijapanda sana, Merdi akatokea barabarani kwa mguu, anakimbia, kofia mukononi.

“Mama Aimée! Wamemufunga Papa Aimée, kule bariyeri ya juu, pale misitu ya kalitusi!”

“Juu ya nini?”

“Wamefungua mashini. Wanasema iko na deuxième bureau!”

Kavugho akapiga mikono. “Hata wao wanajua! Mushaki yote, ni miye tu sikujua!”

“Mama, haunisikii…”

“Nakusikia. Na wamufunge vizuri! Kumbe wenye bunduki nao wanaonaka aibu juu yetu sisi wanawake?”

“Mama Aimée!” Merdi alimushika mukono, kitu ambacho kijana hafanyiaka bibi ya muntu. “Kwa maaskari, deuxième bureau hawako wanawake. Ni wale ba kutafuta habari. Ba espion. Wanasema Papa Aimée iko muntu wa deuxième bureau ya adui, na amechora nyumba yao ya kujifichia Kalembe, na fasi ya kulala. Listi yote ilikuwa imefutwa, ikabaki jina moja tu, imefungwa na kamusumari. Wakamuuliza: kwa nini ulifuta zingine, hii ukaifunga? Akasema, sijui. Mama, kwenye bariyeri muntu hasemaka ‘sijui’! Pikipiki wamebaki nayo. Na yeye, jua ikisimama juu ya kichwa, wanamupeleka ndani ya musitu, upande wa Walikale.”

Hakuna mwenye aliuliza wanamupeleka kufanya nini. Nyirabagenzi alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta fimbo yake nyuma ya mulango.

“Kamusumari,” Kavugho akasema. “Mama, ni miye.”

“Wewe nini?”

Alifunga Aimée mugongoni mwa Mamie, ambaye alikuwa amekuja kusikiliza, akakaza kikwembe, akaanza kupanda. Alipofika pale barabara inapopinda akasikia fimbo nyuma yake. Mukongwe alikuwa anakuja.

“Mama, rudi. Ni mbali.”

“Nilimuzaa,” alisema Nyirabagenzi. “Wewe ulimuoa tu. Tembea.”

*

Bariyeri ilikuwa muti wa kalitusi juu ya mapipa mawili. Siku zile ilikuwa inabadilisha wenyewe sawa nguo. Huwezi kujua leo imevaa nani. Kulikuwa na musururu: mamama na vikapu vya shu, kabichi za milimani, wanaume na mabidoni ya maziwa, watu wa sokoni ambao Kavugho alikuwa anawajua kwa majina na kwa madeni. Damascène alikuwa amelala kwenye matope pembeni ya njia, mikono imefungwa nyuma na kamba ya mbuzi. Aliona viatu vya bibi yake kwanza. Akafumba macho.

Komanda alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mashini kwenye magoti, na pembeni yake askari kijana mwenye lunette machoni, mwenye alijua kuifungua.

“Komanda, miye bibi yake,” Kavugho akasema. “Ile jina mu mashini, ni miye niliifunga.”

“Anakuja kumukombola na uongo,” askari wa lunette akasema.

Komanda akafunika kioo na kofia yake. “Sema basi. Uliona nini? Usinikosee hata kimoja.”

Kavugho akasema. Alisema jina, neno kwa neno. Akasema alama ya punezi, na upande gani. Akasema chumba ya kwanza, meza. Ya pili, meza na makabati. Akafika ya tatu, akaangalia bwana yake kule chini.

“Ya tatu?”

“Kitanda.”

“Na kwa nini ulifunga hii jina?”

Akaangalia musururu. Wote walikuwa wamesogea. Hata mabidoni yalikuwa yamewekwa chini.

“Juu ya wivu,” akasema chini chini.

“Sisikii. Na wale wa nyuma wana haki ya kusikia.”

“Juu ya wivu!” Kavugho akapiga kelele. “Niliona jina la Vestine na deuxième bureau, nikafikiri bwana yangu amejengea mwanamuke nyumba Kalembe! Nilitaka jina ibaki, nimuulize mbele ya mama yake! Sikujua kama nyinyi nanyi muko na deuxième bureau yenu!”

Kicheko kilianzia kwa mama mumoja wa shu, mwenye alijaribu kukimeza akashindwa. Kikapita kwa wanaume wa maziwa, kikaruka bariyeri, kikafika kwa maaskari. Kavugho alisimama ndani yake kama muntu aliyevuliwa nguo kwenye mvua. Ni komanda peke yake hakucheka.

“Wanawake wa biashara wanajua kuigiza,” akasema. “Nani anashuhudia kama huyu iko na wivu?”

“Miye.”

Nyirabagenzi alikuwa ameegemea fimbo, anahema. “Miye mama ya huyu mwenye mumelaza kama nguruwe. Komanda, mutoto wangu, huyu muka-mwana? Anaoneaka wivu hata ng'ombe. Siku moja nilisema ng'ombe yetu ya kule kwetu ilikuwa na macho mazuri. Hakunisalimia mpaka kesho yake. Tangu aingie kwangu, namutupia jina la Vestine kila siku sawa mawe, kwa sababu miye nami sina kazi ingine hapa ukimbizini. Kama kuko kosa, mulikate vipande viwili, munipe kimoja.”

Sasa hata komanda mudomo wake ukasogea. Akamugeukia Damascène. “Wewe. Hii nyumba ni ya nini?”

“Bureau ya koperative ya maziwa,” Damascène akasema, matope kwenye meno. “Bureau ya kwanza iko Nyamitaba, imekaliwa na wenye bunduki. Wanakoperative wamekimbilia Kalembe, wanataka kujenga ya pili. Karatasi ya contrat inasema ‘deuxième bureau’. Nikaandika vile inasema. Vestine njo prezidenti.”

“Na kitanda?”

“Ya sentineli. Sentineli analinda usiku, anachoka.”

“Na kufuta?”

“Kila muntu anafutaka. Hamuoni vile munatufanyia?”

Ile neno ilikuwa imetoka kubwa kuliko ruhusa yake. Askari wa lunette akainua kichwa. Lakini komanda alikuwa amekwisha kuonja mchezo, akamurudia Kavugho.

“Huyu Vestine, bwana yako alikuwa anamupenda?”

“Komanda, hata miye nilimuuliza hivi, hajanijibu. Weye uko na bunduki. Ukipata jibu, uniambie.”

Musururu ukacheka tena. Komanda akasukuma bega la Damascène na ncha ya kiatu. “Jibu bibi yako.”

Damascène akageuza shavu kwenye matope, akamuangalia Kavugho siyo komanda.

“Ile swali,” akasema, “haiko ya bariyeri.”

Jua lilikuwa karibu kusimama. Komanda akaondoa kofia juu ya mashini, akaifunga mwenyewe, akaiweka chini ya kiti chake.

“Fungua kamba. Mashini inabaki, tutaichunguza. Na wewe, mama, siku ingine ukiona wivu, pigana na sufuria.”

Kavugho alijua, na Damascène alijua, na wote wenye walikuwa pale walijua kama mashini yenye kuchunguzwa hairudiaka.

*

Waliteremka watatu. Mukongwe katikati, mukono mumoja kwa mutoto wake, mumoja kwa muka-mwana. Nyuma yao Merdi, mwenye alikuwa amewafuata akarudishiwa pikipiki yake, aliisukuma, imekaushwa mafuta.

Kesho yake butiki ilijaa kuliko siku ya soko. Watu walikuja kununua sabuni wenye hawakuwa na haja ya sabuni. “Mama Punezi, tupe kipande.” “Mama Punezi, bwana yangu naye amechelewa jana, uniuzie na miye kamusumari.” Kavugho alikata sabuni, akatoa sabuni, hakunyanyua macho. Hakuhadisia tena muntu habari ya binti mwenye ng'ombe. Nyirabagenzi alikaa fasi yake mulangoni, na kila mwenye aliingia na kicheko kikubwa sana, fimbo ilimupata kwenye kifundo cha mguu. “Samahani,” alikuwa anasema. “Siku hizi sioni vizuri.”

Damascène alikaa nyuma ya chumvi, fasi kamba ya umeme inafika, na hakukuwa kitu cha kuunganisha. Mikono ilikuwa imevimba. Alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi, akiangalia magoti yake fasi mashini ilikuwa inakaaka.

Watu walipopungua, Kavugho alichukua karatoni ya sabuni iliyokwisha. Akaipasua kwa kisu kwenye pembe zake nne, akainyoosha juu ya gunia, upande usioandikwa ukiwa juu. Akaweka kalamu ya risasi yenye Aimée alikuwa anachorea kuku. Halafu akarudi kwenye meza yake ya kuuzia.

Muda ukapita. Akasikia kalamu inaanza.

Alichora polepole, kwa vidole vyenye vilikuwa havikunji. Hakuwa na rula. Alitumia upande wa kipande cha sabuni. Chumba ya kwanza, meza. Chumba ya pili, meza na makabati. Hapa hakukuwa listi, hakukuwa cha kufuta wala cha kufunga. Kila mwenye aliingia aliona ile nyumba wazi, mistari myeusi kwenye karatoni, na jina la koperative juu. Chumba ya tatu, ndogo, nyuma, na mulango wake. Akasimamisha kalamu, akapuliza vumbi, akaanza kukunja.

Kavugho alikuwa amesimama nyuma yake.

“Umesahau kitu.”

“Nini?”

“Kitanda ya sentineli.” Sauti yake ilikuwa ya muntu anapima mafuta. “Asilale chini. Kalembe kuko baridi.”

Damascène akafungua tena karatoni. Akachora kitanda. Akaweka na muto. Hakuinua kichwa, na Kavugho hakuondoka. Njiani lori moja la kutoka Sake lilipita likiwa limejaa watu na magodoro, vumbi ikaingia mulangoni, ikatua juu ya chumvi, juu ya sabuni, juu ya ile nyumba.

“Yeye njo alinikatala,” Damascène akasema.

Kavugho akaweka mukono kwenye gunia.

“Mbele ya baba zetu wote. Alisema hawezi kuolewa na mwanaume wa kuchora nyumba za wenzake. Mama alificha ile habari, akasema ni miye nilimuacha, nisionekane mudogo.” Akasugua kidole kwenye muto wa sentineli mpaka risasi ikaenea. “Nilishuka huku nisionane na watu wa Nyamitaba. Na ile sabuni, Kavugho, mara mbili kwa siku… sikuwa hata na nguo ya kufua. Nilikuwa tu natafuta fasi ya kusimama.”